Kusoma muchezo wa teatre ao kuutazama: tofauti iko wapi?

Katika shule mingi za mashariki mwa Congo, mwanafunzi anamaliza sekondari akiwa amesoma Molière, lakini hajaona hata siku moja muchezo wa Molière ukichezwa. Kwa upande mwingine, wakaaji wengi wa mitaa na vijiji wanaonaka teatre ku kanisa, ku shule ao ku soko, lakini hawajashika kitabu chenye kuandikwa muchezo. Ni kusema, kuko wenye kusoma bila kuona, na wenye kuona bila kusoma. Kila upande unapoteza kitu. Tuangalie ni kitu gani.

Karatasi inabeba nini

Muchezo wenye kuandikwa haufanane na hadithi. Ndani yake muko vitu viwili: maneno yenye wachezaji watasema, na maelezo ya mwandikaji kwa wachezaji. Maelezo hayo yanaonyesha nani anaingia, anasimama wapi, anashika nini, ananyamaza wakati gani. Waalimu wa Kifaransa wanayaita didaskali. Mara mingi yanawekwa kati ya mabano ao kwa herufi za kulala, na musomaji mwenye haraka anayaruka. Hapo njo anaanza kupotea.

Tutwae mufano wa L'Avare, muchezo wa Molière wa mwaka 1668. Mzee Harpagon, mutu wa choyo sana, ameibiwa sanduku yake ya pesa. Anapiga kelele, anatafuta mwizi, kisha anakamata mukono wa mutu na kumuomba arudishe pesa. Kumbe mukono ule ni wake mwenyewe! Katika kitabu, jambo hilo ni maneno machache tu kati ya mabano. Ukiyaruka, hauelewi juu ya nini watu wanacheka. Nyuma ya pale, Harpagon anageukia watazamaji na kuanza kuwazania wizi. Nyumbani, mwenye kusoma peke yake hawezi kusikia ile haya ya kuangaliwa namna hiyo. Lakini mwenye kukaa ku kiti cha mbele anaisikia vizuri.

Jukwaa linaongeza, tena linapunguza

Kuko muchezo mwingine wenye unatugusa sisi Wakongomani: Une saison au Congo, wenye Aimé Césaire, mutu wa Martinique, alitoa mwaka 1966. Unaeleza siku za mwisho za Patrice Lumumba. Ndani yake muko mupigaji wa sanza, chombo chenye wengi hapa tunaitaka likembe. Anapita kati ya mambo, anaimba, anaonya. Musomaji anapata maneno yake peke yake. Mutazamaji anapata likembe yenyewe, na wakati mwingine sauti yake inatosha kuonyesha kama mambo yanaharibika.

Lakini musomaji naye ana faida yake. Katika muchezo huo, mukubwa wa jeshi anaitwa Mokutu. Mwenye kusoma anaona herufi, anasimama, anajiuliza juu ya nini mwandikaji amegeuza jina hilo kidogo tu. Mwenye kusikia haraka anaweza kuzani wamesema Mobutu, na muchezo unaendelea bila kumungojea. Kitabu kinakubali urudie nyuma. Jukwaa halirudie.

Tena, wakati unatazama, muongozaji amekwisha kuchagua kwa ajili yako: nani anacheza Lumumba, anavaa nini, anasema kwa hasira ao kwa upole. Ukisoma mbele ya kwenda kutazama, unajua kama ile ni njia moja kati ya njia mingi.

Ubishi huu ni wa zamani. Aristotle, mwenye hekima wa Ugiriki, miaka zaidi ya 2,300 iliyopita alisema kama muchezo wa huzuni unaweza kugusa moyo hata kwa kusomwa tu. Lakini Molière alikuwa mutu wa jukwaa mupaka mwisho: mwaka 1673 aliugua wakati alikuwa anacheza Le Malade imaginaire, na akafa saa chache kisha.

Mbona inafaa kuandika

Shakespeare alikufa mwaka 1616. Mingi ya michezo yake ilikuwa haijachapishwa. Mwaka 1623, wachezaji wawili wenye walitumika pamoja naye, John Heminges na Henry Condell, walikusanya michezo 36 katika kitabu kimoja. Michezo 18 kati ya hiyo ilikuwa inachapishwa kwa mara ya kwanza, na kati yake kulikuwa Macbeth na Julius Caesar. Bila ile kazi, pengine ingepotea kabisa. Lakini miaka 340 kisha, mwaka 1963, Julius Nyerere wa Tanzania alitoa Julius Caesar kwa Kiswahili.

Sasa turudi kwetu. Troupe mingi za hapa hazina karatasi. Watu wanapatana juu ya hadithi, wanagawanya kazi, kila mutu anatafuta maneno yake palepale. Iko na nguvu, sababu muchezo unaweza kubadilika kufuatana na mahali: leo Kiswahili, kesho Mashi ao Kinande. Hata teatre yenye watazamaji wanaitwa kupanda na kubadilisha mambo, yenye Mubrazili Augusto Boal alieneza, haiwezi kuandikwa yote.

Lakini vita inatawanya watu. Mumoja anakimbilia Uganda, mwingine anabakia ku kambi, mwingine anakufa. Muchezo unaenda nao. Vijana wenye kufuata wanaanza tena kwa zero, hata kama wakubwa wao walikwisha kufanya kazi nzuri.

Haiombe kuchapisha kitabu. Kaye moja inatosha. Kisha kila muchezo, muandike majina ya watu wa ndani ya hadithi, mambo kwa utaratibu wake, maneno yenye yalichekesha ao kuliza watu, tarehe, mahali, na nani alicheza nini. Mukiwa na telefone, murekodi sauti, kisha mutu mumoja aandike. Nakala mbili, katika nyumba mbili.

Kama hakuna jukwaa karibu

Mwalimu ao mwanafunzi mwenye hana namna ya kuona muchezo anaweza kufanya hivi:

– Anza na orodha ya majina mwanzoni mwa kitabu. Ujue nani ni baba, nani ni mutumishi.
– Musome watu wengi, kwa sauti, kila mutu na kazi yake.
– Mutu mumoja asome maelezo ya kati ya mabano tu. Musiyaruke.
– Musimame. Kama Harpagon anakamata mukono, kamateni mukono.

Redio nayo ni njia ya tatu: hapo hauone kitu, hausome kitu, sauti njo inafanya kazi yote. Mlango unalia, mvua inapiga manjanja, mutu anapumua kwa woga. Lakini kumbukeni: hata ule muchezo wa redio, mbele ya kufika ku masikio yenu, mara mingi ulianzia ku karatasi.