Asidi za mafuta katika utando wa chembe nyekundu za damu

Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa, ambayo haina kiini wala mitokondria, haiwezi kujitengenezea asidi za mafuta, hivyo huzipokea kutoka plazima, yaani umajimaji wa damu, ambamo husafirishwa zikiwa zimeshikwa na protini iitwayo albumini. Zikishapenya utando, huunganishwa na koenzaimu A kwa nishati ya ATP, kisha hupachikwa kwenye fosfolipidi, yaani molekuli ya mafuta inayojenga utando, iliyopungukiwa na mkia mmoja wa asidi ya mafuta, ukarabati wa kustaajabisha kwa chembe iliyopoteza takriban viungo vyake vyote vya ndani. Kwa kuwa chembe hiyo huishi siku 120 hivi, utando wake hudhihirisha mlo wa wiki na miezi, si wa jana tu. Ndiyo maana mwaka 2004 watafiti William Harris na Clemens von Schacky walipendekeza kipimo cha omega-3, yaani asilimia ya EPA na DHA, asidi za samaki wenye mafuta, miongoni mwa asidi zote za utando.