Salma Mtumwa: Majina Mawili ya Mtoto Mmoja wa Mrima

Sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tuna ugonjwa mmoja, nao ni wa majina. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akipewa kazi ya Shaaban Robert, kabla hajafika mbali ameshaandika daftarini: Adili ni mwadilifu, Utubora ni mwenye utu bora, haya ni majina ya kimajazi. Anapigiwa vema, mambo yamekwisha. Mimi nami ni mgonjwa, tena wa siku nyingi. Ubaya ni kwamba ugonjwa huo niliubeba hadi nyumbani Bagamoyo, nikauonyesha mbele ya wazee katika kikao ambacho hata haki ya kusema sikuwa nayo. Makala haya yametokana na aibu niliyoipata pale.

Dada yangu alijifungua mtoto wa kike. Usiku wa kuamkia siku ya saba, siku ya akika, walikuja watu wa upande wa mume kutoka Kunduchi kuleta jina. Jina lenyewe Salma, la mama mzaa shemeji. Hakuna aliyelipinga, maana mtoto wa kwanza ni wa kuumeni na huo ndio utaratibu. Lakini hapo ndipo kazi inapoanza. Mke wa Pwani hamwiti mkwewe kwa jina. Sasa dada atamwitaje mwanawe? Atamkemea, "We Salma, acha kula mchanga!" na huku Bi Salma mwenyewe amekaa barazani anasuka ukili? Haiwezekani. Ndiyo maana kwetu jina moja halitoshi. La kuumeni likishawekwa, huulizwa la kukeni, ili kila upande uwe na jina ambalo mdomo wake unaruhusiwa kulitamka. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewahi kusikia hapahapa chuoni kwamba kumpa mtoto majina mawili ni uzungu wa watu wa mjini. Si kweli hata kidogo.

Basi ikaulizwa la kukeni. Bibi yetu mzaa mama akasema, "La pili ni la mama yangu. Mtumwa."

Pakawa kimya. Shangazi yake mtoto akajifunika kanga vizuri, akasema kwa adabu: "Samahani, bibi. Mtoto wa siku hizi aitwe Mtumwa? Akienda shule si watamcheka mpaka aikatae?"

Nami nikajitia usomi. Nikawaeleza wazee wangu habari za mji wao wenyewe: misafara iliyoteremka kutoka Ujiji na Tabora, pembe za ndovu, watu waliofika hapa na minyororo na kuvushwa Unguja, na biashara ile iliyoendelea kwa siri hata baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la Unguja. Nikasema jina hilo ni pingu. Nikasema ni kumbukumbu ya tabaka lililonyonywa, na kulirithisha ni kurithisha fedheha. Nadhani nilitaja hata mfumo wa kitwana, Mungu anisamehe. Bibi akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Umemaliza? Haya. Nani kakwambia mama yangu alikuwa mtumwa?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni jina tu.

Hebu tufanye hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kufungua mdomo. Mama yake bibi, kwa hesabu za nyumbani, alizaliwa Vita vya Kwanza vya Dunia vimekwisha na Mwingereza ameshaingia. Wajerumani hawakuupiga marufuku utumwa katika koloni lao, walichofanya ni kutoa amri mwaka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa na sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Kwa hiyo mwanamke yule, hata kama wazazi wake walikuwa watumwa, yeye kwa sheria alizaliwa huru. Sheria ni kitu kimoja na mtaa ni kitu kingine, hilo nalijua. Watu hawakuacha kukumbushana asili zao eti kwa sababu bwana shauri amesoma tangazo. Hata hivyo, bibi alikuwa na maelezo yake. Kabla ya mama yake walizaliwa watoto watatu na wote walikufa. Huyu wa nne walimpa jina la kudharaulika makusudi, ili mauti yakipita mlangoni na kuuliza nani yumo, yajibiwe kuwa ni mtumwa tu, yaende zake. Akaishi.

Je, nimwamini bibi? Mwanahistoria aliyemo ndani yangu ananong'ona kwamba familia nyingi za Pwani zina hadithi nzuri ya kufunika asili isiyosemeka. Huenda. Lakini nilirudi chuoni na kumsoma upya mtu wa Bagamoyo ambaye tunamtaja kila mara bila kulitazama jina lake, yaani Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda. Yeye ndiye mwandishi mkubwa wa *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichotolewa Göttingen mwaka 1903 na Carl Velten, ambaye jina lake ndilo lililokaa mbele. Wakati huo Mtoro alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili, na huko Berlin ndiko alikofia mwaka 1927. Sasa litazameni jina. Mtoro ni nani katika Mrima ya karne ya kumi na tisa? Ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Na Mwinyi ni nani? Ni mtu mwungwana, mwenye mji. Mtoto wa mwinyi kaitwa mtoro! Mhakiki wa kimajazi hapa atafanya nini? Akimsoma kwa jina la kwanza atamweka katika tabaka moja, akimsoma kwa jina la baba atamweka katika tabaka jingine, na mtu ni yuleyule mmoja. Jina lake la kwanza halitwambii tabaka lake. Tukiling'ang'ania litwambie, litatudanganya.

Sasa tuvuke bahari kidogo, tuone upande wa pili wa sarafu, maana sitaki kuonekana ninasafisha historia. Fumba, Unguja, mwaka 1880 alizaliwa mtoto wa kike katika familia yenye asili ya utumwa, naye akapewa jina hilohilo la Mtumwa. Huyo ndiye tunayemfahamu kama Siti binti Saad. Siti ni bibi mkubwa, mwanamke wa heshima, na jina hilo alilipata ukubwani kwa sauti yake mwenyewe. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa jina la Siti, na ni jina hilo ambalo Shaaban Robert aliliweka juu ya wasifu alioandika. Lakini angalieni: jina la pili halikuliua la kwanza. Kila anayesimulia maisha ya Siti huanza na Mtumwa, kwa sababu bila Mtumwa, Siti ni sifa tupu kama sifa nyingine. Tunao basi akina Mtumwa wawili, mmoja wa Fumba na mmoja wa nyumbani kwetu, wenye jina moja na habari mbili tofauti. Aliyesikia jina peke yake hawezi kuwatenganisha.

Hata majina ya Mrima tunayoyaona mepesi, kina Mwanahamisi, Mwanaidi, Mwanajuma, ni majina mawili yaliyounganishwa. Mwana kule kaskazini lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke wa daraja, kama alivyoitwa Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858. Huku kwetu heshima hiyo imegandamana na siku ya Alhamisi au na sikukuu, na hakuna anayeuliza tena kama mwenye nalo ni wa daraja au la. Mimi naona hapo pana ushindi fulani wa kimyakimya, wa watu wa kawaida kujitwalia cheo cha mabibi na kukifanya jina la kuitana kisimani. Ni rai yangu tu, mnaweza kuipinga.

Kulikuwa na majina ya pili yaliyotolewa kwa namna nyingine. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, watoto waliokombolewa walibatizwa kwa majina ya watakatifu ambayo mama zao wasingeweza kuyatamka. Miaka michache kabla, mapadri haohao walipokuwa Unguja, waliletewa binti wa Kiyao aliyefukuliwa akiwa hai kaburini, baada ya safari ya utumwa iliyomuua mama yake. Padri Horner aliiandika habari yake, ikachapwa Ufaransa mwaka 1870. Ajabu ni kwamba hata Ufaransa alitambulishwa msomaji kwa jina la kwao, Swema. Naye Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alibatizwa Emily kule Aden mwaka 1867 na siku hiyohiyo akaolewa na Ruete. Vitabu vya leo vinamwandika kwa majina yote mawili, kana kwamba kila mmoja wa wanawake wale wawili anamkataa mwenzake.

Katika riwaya zetu sioni mtu aliyelielewa jambo hili vizuri kuliko Kezilahabi. Yeye hakutoka Pwani, ni mtu wa Ukerewe, lakini mwaka 1971 alimpa mhusika wake mkuu jina maradufu, Rosa Mistika, ambalo ni sifa ya Bikira Maria, kisha akampitisha msichana huyo katika maisha ambayo jina hilo haliwezi kuyabeba. Anayesema Rosa Mistika ni jina la kimajazi hajasema kitu. Jina linamdai Rosa kile ambacho baba, walimu na wanaume wanamnyang'anya, na uchungu wa riwaya umo katika pengo hilo.

Nirudi Bagamoyo. Nilimwomba bibi radhi, akanipa. Shangazi mtu naye alikubali, kwa sharti kwamba la Kunduchi litangulie, na asubuhi akika ikasomwa: Salma Mtumwa.

Taabu iliyobaki ilikuwa ya karatasi. Karani wa ofisi moja aliitazama fomu, akamwuliza shemeji: "Mtumwa ndiye wewe, baba mtoto?" Shemeji akasema hapana, hilo ni la mtoto. "Basi chagua moja, la pili tunaandika la baba." Walibishana karibu nusu saa, watu wakijaa foleni nyuma yao, mpaka karani akakubali kuyaunganisha kwa kistari, huku akisema kuwa shuleni watakikata tu hicho kistari. Inawezekana.

Mtoto sasa anatambaa. Bi Salma, akija kutoka Kunduchi, hamwiti Salma, anamwita "somo", kama wanavyoitana wenye jina moja. Dada anamwita Mtumwa, tena kwa sauti, mpaka majirani wameshazoea. Bibi hawezi kumwita jina la mama yake mzazi, kwa hiyo anamwita "mama", na mtoto ndilo analoitika haraka zaidi. Jina la Salma, ambalo tulilikalia kikao usiku kucha, linatumiwa na shangazi yake na yule karani.