Nguvu ya Kutosha

Wahenga walisema nguvu ya mamba ni maji. Mtoe majini, umemvua ufalme wake. Usemi huo hunijia kila ninaposoma habari za chombo kimoja ambacho kwetu Afrika Mashariki hakijazoeleka, nacho ni boti ya pangaboi. Chombo hicho huelea majini, lakini nguvu yake haimo majini hata kidogo. Nguvu yake ni upepo, na upepo huo hujitengenezea chenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajapata kukiona, ni boti fupi yenye sehemu ya chini iliyo bapa. Huko nyuma, juu ya fremu ya chuma, hufungwa injini, na kwenye injini hufungwa pangaboi kama la ndege ndogo, likizungukwa na kizimba ili lisimkate mtu. Chini ya maji hakuna rafadha wala usukani. Usukani ni mabapa mawili au zaidi yaliyosimama wima nyuma ya pangaboi, yakipigwa na upepo wake. Ndiyo maana boti hiyo hupita penye maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, penye matope na majani, mahali ambapo rafadha ya kawaida ingenasa mara moja.

Mimi nimeishi miaka mingi na injini za boti, nikizifungua na kuzifunga, na vijana hupenda kuniuliza maswali. Moja limenirudia mara kadhaa: je, injini ya gari la zamani inatosha kusukuma boti ya namna hiyo? Mtu angeweza kujibu ndiyo au hapana akaenda zake. Lakini nadhani jibu la kweli limo katika historia ya watu waliotangulia kuziunda, kwa hiyo tuanzie huko.

Chombo hiki hakikuzaliwa kwa ajili ya safari. Mwaka 1905, huko Nova Scotia nchini Kanada, kundi la wavumbuzi lililoongozwa na Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, liliunda boti ya kusukumwa na pangaboi la hewani. Waliipa jina la Ugly Duckling, yaani kifaranga cha bata kisicho na sura nzuri. Shabaha yao hasa ilikuwa kupima injini na mapangaboi ya ndege kabla ya kuyapeleka angani. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walitumia vyombo vya aina hiyo huko Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki, na mwaka 1920 Glenn Curtiss, muunda ndege mashuhuri wa Marekani, alikuwa na chake huko Florida. Hao walikuwa watu wenye mali na karakana. Mimi huvutiwa zaidi na waliofuata.

Kusini mwa Florida kuna kinamasi kikubwa kiitwacho Everglades. Maji yake hutembea polepole mno, tena kwa kina kidogo, katikati ya majani yenye kingo kali kama msumeno. Wenyeji wake, Waseminole na Wamiccosukee, walipita humo kwa mitumbwi ya kuchonga wakiisukuma kwa upondo, na wawindaji wa Kizungu waliokuja baadaye nao walisukuma upondo vivyo hivyo. Miongoni mwao walikuwamo wawindaji wa vyura, kwa kuwa miguu ya chura huliwa huko na ina bei. Mwaka 1933 Johnny Lamb na Russell Howard walifunga injini ya ndege yenye nguvu ya farasi 75 juu ya boti bapa, wakaingia kinamasini. Kazi ya kutwa ya upondo ikawa kazi ya muda mfupi.

Miaka kumi baadaye, yaani 1943, jambo kama hilo lilitokea mbali kabisa na Florida, katika hifadhi ya ndege wa porini ya Bear River, karibu na Ziwa Kuu la Chumvi huko Utah. Mabata walikuwa wakifa kwa wingi kutokana na sumu ya botulizimu, na watumishi wa hifadhi hawakuweza kuwafikia kwenye matope. Cecil Williams na G. Hortin Jensen walichukua injini ya ndege iliyokwisha kutumika, yenye nguvu ya farasi 40 tu, wakaifunga kwenye boti ya alumini yenye urefu wa futi 12. Wakaiita Alligator I.

Hapo ndipo fundi hana budi kusimama na kujiuliza. Farasi 40 walitosha kwa kazi ile. Kwa nini basi mtu wa leo anaweza kufunga injini ya gari yenye farasi 150 na boti ikabaki inaguna mahali pamoja?

Sababu ya kwanza ni uzito. Injini ya ndege ndogo huundwa iwe nyepesi. Injini ya gari ya silinda nane ya chuma cha kusubu hupita kilo 200 kabla hujaweka maji wala rejeta. Uzito huo hukaa juu na nyuma, mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa boti hupenda kupinduka na kitako chake huzama.

Sababu ya pili ni mwendo wa pangaboi. Pangaboi lenye upana wa mita 1.8, likizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha zake huenda karibu mita 254 kwa sekunde. Injini ya gari hutoa nguvu zake nyingi kwenye mizunguko 4,000 hadi 5,000. Ukifunga pangaboi hilo moja kwa moja na kulizungusha mara 5,000, ncha zitapaswa kwenda mita 471 kwa sekunde, nao mwendo wa sauti ni mita 340 hivi. Zikikaribia mwendo wa sauti, nguvu hugeuka makelele, na pangaboi laweza kupasuka. Kwa hiyo mafundi huweka mkanda au giaboksi ya kupunguza mizunguko. Asiyeweka hulazimika kufunga pangaboi dogo, na hapo ndipo anapopoteza.

Maana sababu ya tatu ndiyo kubwa. Kusukuma hewa nyingi polepole kuna faida kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi. Kwa hesabu ya nadharia, boti ikiwa imesimama, ukiongeza nguvu ya injini mara mbili bila kubadili pangaboi, msukumo hupanda mara 1.6 tu. Ukiiacha injini ile ile na kuongeza upana wa pangaboi mara mbili, msukumo hupanda kiasi hicho hicho, wala hukununua hata lita moja ya ziada ya petroli. Na msukumo wa boti iliyosimama ndio unaohitajika, kwa sababu kazi ngumu ni kuitoa boti iliyolala ndani ya maji mpaka iinuke na kuteleza juu yake. Isiyoweza kuinuka hubaki ikilima maji.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Katika boti ya kawaida, injini ikizidiwa unachelewa tu. Katika boti ya pangaboi, upepo ukipungua na usukani unakufa, tena breki haina. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani; hiki hakina usukani hata kabla ya kuzama, iwapo nguvu imekwisha. Mwenye kukiunda kwa injini dhaifu amejinyima mwendo na uongozi kwa pamoja.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya abiria aina ya TriStar, safari namba 401 ya shirika la Eastern, ilikuwa ikitoka New York kwenda Miami. Taa ndogo ya kuonyesha gurudumu la mbele iliungua. Wakati marubani wakihangaika nayo, ndege ikashuka bila wao kutambua, ikaanguka gizani katika Everglades. Ilikuwa na watu 176. Waliokufa ni 101. Hapakuwa na barabara. Robert Marquis alikuwa karibu, akiwinda vyura na mwenzake kwa boti ya pangaboi. Aliona mmweko, akaelekea huko, akaingia kwenye maji yenye mafuta ya ndege yaliyomuunguza ngozi, akaanza kuwainua waliokuwa hai. Taa yake ya kichwani, aliyowindia vyura, ndiyo iliyowaonyesha marubani wa helikopta mahali pa kuja.

Tangu hapo vyombo hivyo vimeokoa wengi, kama huko New Orleans mwaka 2005 baada ya kimbunga Katrina. Sisemi kwamba havina ubaya. Kelele zake hufukuza wanyama, na njia zake hubaki zimechorwa kwenye majani. Anayeongeza farasi kwa ajili ya kutamba tu huongeza ubaya huo bila faida.

Basi, kijana akiniuliza kama injini yake inatosha, simuulizi kwanza ina farasi wangapi. Namuuliza pangaboi lake lina upana gani, linazunguka mara ngapi, na boti itabeba nini. Akijibu kwamba itambeba yeye peke yake, namwambia aanze upya. Boti inayomtosha mwenyewe haitoshi, kwa kuwa kinamasini hakuna ajuaye atakayemkuta. Nguvu ya kutosha ni ile inayobaki baada ya chombo kwisha kujibeba, ili mtu wa pili na wa tatu wapate nafasi ya kupanda.