Ukitaka kuona treni ya mizigo, fuata mzigo

Washkaji hapa chuoni hawaishi kuniuliza: wewe na treni zako za mizigo, ukitaka kuziona vizuri unachagua stesheni gani? Wengi wanadhani stesheni nzuri ni ile kubwa ya mjini yenye watu wengi. Wapi! Stesheni nzuri ni ile ambayo mzigo unalazimika kusimama. Na ukishauliza kwa nini unasimama pale, umeingia darasa la historia bila kulipa ada.

Tuanze na Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ilijengwa njia moja tu, kwa hiyo treni mbili zikielekeana, moja lazima iingie pembeni isubiri mwenzake apite. Ndiyo maana hata kistesheni kidogo porini kinaweza kukupa treni mbili za mizigo kwa mpigo, wakati wewe umekaa chini ya mwembe unakula mahindi ya kuchoma.

Ila kama nauli ipo, mimi nachagua Tabora. Waingereza walitoa tawi kutoka pale hadi Mwanza, likakamilika mwaka 1928, na pamba ya Usukumani ikapata njia ya kwenda bandarini. Tangu hapo Tabora ikawa njia panda: mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma kule. Treni inakatwa, inaungwa, kichwa kinakwenda na kurudi. Huhitaji haraka, mchezo wote unachezwa mbele ya macho yako.

Kigoma nayo ina kisa chake. Baada ya Vita ya Kwanza, Wabelgiji walikuwa wameshika Kongo pamoja na Ruanda-Urundi, na walitaka mlango wa baharini. Mwaka 1921 wakakubaliana na Waingereza wapewe maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, kodi yake faranga moja tu kwa mwaka! Maeneo hayo yakaitwa Belbase. Kwa hiyo ukiona pale Kigoma mzigo unatoka kwenye behewa kwenda kwenye meli ya Ziwa Tanganyika, ujue njia hiyo ya Burundi na Kongo ilipangwa mezani na watu ambao hawakuwa wenyeji wa huku hata mmoja.

TAZARA ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia, shaba ya Zambia ikabaki inategemea njia ya watu ambao Kaunda hakupatana nao. Yeye na Nyerere wakapata mkopo usio na riba kutoka China, reli ikajengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi. Hapa mimi nasema nenda Mlimba. Iko chini bondeni, na kutoka pale hadi Makambako treni inapanda milima, inaingia handaki moja inatoka inaingia jingine. Kichwa chenye mzigo mzito nyuma yake kikianza kuupanda ule mlima, si mchezo, unausikia muungurumo kifuani.

Halafu kuna Kidatu. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA ina 1,067. Tofauti ni kama vidole vitatu vinne vya mkono, lakini behewa la huku haliwezi kupita kule. Mwaka 1998 ndipo Kidatu ikapata kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja hadi nyingine. Kwangu mimi hakuna stesheni inayofundisha zaidi. Mjerumani alipima kwa mahesabu yake, sisi tulipojenga ya kwetu tukapima ili tuungane na reli za kusini mwa Afrika, na mpaka leo mzigo unashushwa na kupakiwa upya kwa sababu hiyo.

Sasa upande wa huzuni. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, na huko kusini wakajenga reli ya Nachingwea, baadaye ikafika Mtwara. Karanga hazikukubali, mradi ukavunjwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Stesheni haifi kwa sababu jengo limebomoka. Inakufa siku mzigo unapokosekana, na mji uliozoea kula kwa mzigo huo nao unayumba.

Ndiyo maana sipendi tunavyojadili reli kwa kuhesabu siti na viyoyozi tu. Tangu treni za SGR zianze kubeba abiria mwaka 2024, kila mtu anapiga picha dirishani. Sawa, ni nzuri. Lakini anayetaka kujua stesheni gani itaishi miaka hamsini aulize: hapa panapakiwa nini, na kinakwenda kwa nani?

Kwa mtakaokwenda: nendeni mchana, mpigieni hodi stesheni masta kwanza, kamera isitoke mfukoni kabla ya ruhusa, na msitembee relini. Bumu likitoka, nani anakuja Kidatu?