Tarehe 17 Ramadhan: Siku ya Upanga na Kalamu



Sifa zote njema zamstahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, ukiwauliza vijana wengi hapa Kitengela Badri ni nini, jibu la kwanza utakalopata ni Halbadiri. Mtu akiibiwa simu utamsikia, "Irudisheni, la sivyo nawasomea Halbadiri!" Hata jirani asiye Muislamu ashaisikia na anaiogopa. Kuhusu kisomo hicho masheikh wetu wana maneno yao, na mimi si wa kuwaamulia. Lakini ni hasara ikiwa majina ya watu wa Badri tunayajua kwa kutishia wezi tu, na siku yao yenyewe inatupita huku tukihesabu zimebaki ngapi tufike Idd.

Ilikuwa Ijumaa, 17 Ramadhan mwaka wa 2 Hijria, sawa na Machi 624 Miladia. Hiyo ndiyo Ramadhan ya kwanza Waislamu kufaradhishiwa kufunga. Walikuwa wamevumilia mateso ya Makka miaka 13, wakatolewa majumbani mwao na mali zao zikachukuliwa. Walitoka Madina kuukabili msafara wa biashara wa Abu Sufyan, wakajikuta mbele ya jeshi la Makureshi la watu karibu 1,000. Wao, kwa hesabu mashuhuri, walikuwa 313, wakiwa na ngamia 70 na farasi 2.

Kutoka Madina hadi Badri ni kama kilomita 150, mwendo unaokaribia kutoka Nairobi hadi Namanga kwa kupitia Kitengela na Kajiado. Ngamia mmoja alipandwa kwa zamu na watu watatu hivi, na zamu ya Mtume (S.A.W.) ya kutembea ilipofika, alishuka akatembea kama wenzake.

Walipofika, sahaba Hubab bin al-Mundhir aliuliza kama mahali walipopiga kambi pameamriwa na Allah au ni rai tu. Alipoambiwa ni rai, akashauri wasogee hadi kisima kilicho karibu zaidi na adui. Mtume (S.A.W.) akakubali. Mtu wa Kajiado, anayejua ng'ombe wanavyotembezwa kutafuta maji wakati wa kiangazi, hahitaji kuelezwa uzito wa shauri hilo.

Allah akawapa ushindi. Waislamu 14 walikufa mashahidi, na katika Makureshi wakauawa 70 na kutekwa 70. Vijana walikuwa mstari wa mbele. Umayr bin Abi Waqqas, wa miaka 16 hivi, alilia aliporudishwa kwa udogo wake hadi akaruhusiwa, akafa shahidi. Abu Jahl naye aliangushwa na vijana wawili wa Kiansari.

Wengi wetu hadithi tunaimalizia hapo, lakini tazama yaliyofuata. Mateka walitendewa wema. Mmoja wao alisimulia kuwa waliomshika walimpa yeye mkate, wao wakala tende. Na mateka asiyekuwa na fidia lakini anajua kuandika, fidia yake ilikuwa kuwafundisha watoto 10 wa Madina. Fikiria! Mtu aliyekuja kukuua jana, leo anamshikisha mtoto wako kalamu.

Inasimuliwa kuwa Zaid bin Thabit alikuwa miongoni mwa waliojifunza kuandika kwa njia hiyo. Alikuwa mtoto, hata kwenda Badri hakuruhusiwa. Akaja kuwa mwandishi wa wahyi, na wakati wa Sayyidna Abubakar (R.A.) ndiye aliyepewa kazi ya kuikusanya Qur'ani. Msahafu tunaoufungua kila usiku wa Ramadhan umepitia mikononi mwa kijana huyo.

Tena kwa kauli mashuhuri, tarehe hiyo hiyo ya 17 Ramadhan, mwaka wa 58 Hijria, alifariki Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.). Amepokewa hadithi 2,210, na masahaba wakubwa walikuwa wakimuendea kumuuliza. Dada zangu, huyo ni mwalimu wa wanaume na wanawake.

Basi wenzangu, birthday zetu tunazikumbuka bila kukumbushwa. Na hii je? Kwa Miladia inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hivyo ifuate kwa mwezi, na usiku wake huanza magharibi ya tarehe 16. Ikifika, kila mwenye kujua alifu amtafute mtoto mmoja mtaani kwake asiyejua, aanze naye. Mateka walifundisha watoto 10 wapate uhuru wao. Sisi tulio huru, hata mmoja atushinde?

Allah atujaalie tuwe wenye kusikia na kufuata yaliyo mema. Ramadhan Karim.

Wabillahi tawfiq.