Lumeni za Taa, Lumeni za Ukutani

Kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme mjini Kakamega, projekta mbili ndogo za nyumbani zimewekwa bega kwa bega. Boksi la kwanza limeandikwa lumeni 9,000. La pili limeandikwa lumeni 400 za ANSI, na bei yake inakaribia mara tatu ya lile la kwanza. “Hii ni elfu tisa, mwalimu, ile ni mia nne tu,” muuzaji anasema, na wala hadanganyi: anasoma kilichoandikwa. Mnunuzi akihesabu kwa hesabu ya sokoni, ataondoka na ile ya elfu tisa. Akifika nyumbani, akaielekeza ukutani saa kumi alasiri, ataona ukuta.

Mkanganyiko wote huu umejificha katika neno moja, lumeni, na hasa katika maneno yanayolifuata au yanayokosekana baada yake. Wauzaji na wanunuzi wetu tayari wanalitamka kila siku, kwa hiyo suala si kulitafutia mbadala. Kazi iliyobaki ni kulipatia Kiswahili kinachomwezesha mtu kuuliza swali sahihi pale kaunta.

Lumeni ni kipimo cha nuru. Jina lake ni la Kilatini, lenye maana ya nuru, na Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulilithibitisha mwaka 1948 pamoja na kandela, kipimo chake mzazi. Lumeni huhesabu nuru yote inayomiminika kutoka kwenye chombo, kwa kadiri jicho la binadamu linavyoihisi. Balbu ya LED ya wati 9, ile iliyo katika sebule nyingi, hutoa lumeni 800 hivi. Inazimwaga pande zote: darini, sakafuni, kwenye viti.

Ila macho yetu hayaoni lumeni. Yanachokiona kinategemea kiasi cha nuru kilichoangukia kila kipande cha ukuta, na hicho kina kipimo chake, luksi: lumeni moja iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba. Mtu wa Kakamega ana pa kulishikia jambo hili, kwa sababu mvua tunaipima vivyo hivyo. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji iliyoangukia mita moja ya mraba. Lita ndiyo lumeni, milimita ndiyo luksi. Tangi la lita mia mbili likimwagwa juu ya kitalu kidogo cha sukuma linalowesha udongo. Likimwagwa juu ya ekari halitulizi hata vumbi.

Sasa tupime ukuta. Picha ya inchi 60, kwa umbo la runinga za kisasa, ina upana wa mita 1.33 na kimo cha sentimita 75, yaani takriban mita moja ya mraba kamili. Projekta ya lumeni 200 ikiijaza picha hiyo inaupa ukuta luksi 200. Ukiisogeza nyuma hadi picha ifike inchi 120, upana na kimo vimeongezeka maradufu, eneo limekuwa mita nne za mraba, na nuru ni ileile. Ukuta unabaki na luksi 50. Kwa hiyo tangazo linaloahidi “hadi inchi 200” haliongezi chochote kwenye ubora wa mashine. Linaeleza tu umbali ambao mtu anaweza kwenda kuipunguzia nuru picha yake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi huligundua wakiwa wamechelewa: projekta haiwezi kutoa rangi nyeusi. Nywele za mchezaji, usiku wa kwenye filamu, herufi nyeusi za maandishi, vyote hivyo ni sehemu za ukuta ambazo mashine haikuzimulika. Weusi wake hauwezi kushinda giza la chumba. Tuchukue sebule iliyofungwa pazia jepesi mchana, ambapo luksi 100 zinaufikia ukuta kutoka dirishani. Kwa picha ya inchi 60 na lumeni 200, sehemu nyeupe inapata luksi 300 na sehemu nyeusi inabaki na 100. Picha inaonekana, ingawa imepauka. Kwa inchi 120, nyeupe ni 150 na nyeusi ni 100. Hapo mtu anaona vivuli vinakimbizana na hajui nani ana mpira.

Na mpira ndio unaowauzia watu wengi mashine hizi. Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zinazoanza saa tisa alasiri kule, hapa zinaanza saa kumi na moja jioni kuanzia Agosti, na saa kumi na mbili baada ya Waingereza kurudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba. Kakamega iko karibu sana na ikweta, lakini pia iko magharibi mwa nchi, na jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima. Miezi ya mwanzo wa msimu, sehemu kubwa ya mechi inachezwa kukiwa bado kweupe. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mwenye chumba kimoja mtaani Kefinco anaweza kuziba dirisha lake kwa blanketi. Familia yenye sebule ya madirisha matatu na mlango unaofunguliwa kila dakika haiwezi, na inahitaji mashine ya aina nyingine kabisa. AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na kadiri inavyokaribia ndivyo vifaa hivi vitakavyozidi kujaa madukani, kwa hiyo ni vyema lugha ya kuvinunulia ikawa tayari.

Turudi kwenye ile elfu tisa. Imetoka wapi? Geuza adapta ya projekta kama hiyo usome maandishi madogo mgongoni. Ukikuta volti 12 na ampea 4, zidisha: wati 48. Taa nzuri ya LED hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja. Hata kama umeme wote ungeenda kwenye taa, bila feni, bila spika, bila kompyuta iliyo ndani, wati 48 hazifikishi lumeni 9,000. Na taa yenyewe ni mwanzo tu wa safari. Katika projekta za bei nafuu nuru hupita kwenye kioo kimoja cha LCD. Vichujio vya mwelekeo wa nuru humeza zaidi ya nusu yake, vichujio vya rangi huruhusu theluthi moja tu ya kilichobaki, kisha lenzi na kingo za kioo huchukua hisa yao. Taa iliyoanza na lumeni elfu tatu, si ajabu ikafikisha ukutani mia moja na hamsini au mia mbili. Mashine za DLP, zinazotumia vioo vidogo mno vilivyobuniwa na Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987, hupoteza nuru kwa kiasi kidogo zaidi, ingawa nazo hupoteza.

Hapa ndipo ninapopendekeza istilahi mbili: lumeni za taa na lumeni za ukutani. Za kwanza ni nuru inayozaliwa ndani ya mashine. Za pili ni nuru inayofika kwenye picha. Kiswahili kina kihusishi cha a-unganifu kinachobeba asili na mahali bila kuhitaji neno jipya, na kazi ambayo watengenezaji wanaifanya kwa vifupisho vya herufi kubwa, sisi tunaweza kuifanya kwa maneno ambayo mama mboga anayaelewa mara moja. Wako watakaopenda kusema mwangaza, na ni neno zuri, lakini limebeba mengi: mwangaza wa taa, mwangaza wa chumba, hata mwangaza wa moyo. Ukiandika “mwangaza 9,000” umerudisha giza lilelile. Lumeni ibaki lumeni, kama mita ilivyobaki mita na wati ikabaki wati. Mwangaza tuuweke kwenye luksi, yaani nuru iliyotua juu ya kitu. Wengine watauliza kwa nini ukutani na si kwenye kiwambo. Kwa sababu katika nyumba nyingi ninazozijua hapa, kiwambo ni ukuta uliopakwa rangi ya krimu, au shuka.

ANSI basi ni nini? Ni kifupi cha jina la taasisi ya viwango ya Marekani, na kinaeleza namna ya kupima. Kanuni yake ya mwaka 1992 kuhusu projekta inasema hivi: mulika picha nyeupe tupu, igawe katika mistatili tisa iliyo sawa, pima luksi katikati ya kila mstatili, tafuta wastani, kisha zidisha kwa eneo la picha. Jibu ndilo lumeni za ANSI. Siku hizi watengenezaji wengi hutaja kiwango cha kimataifa, ISO 21118, ambacho kimefuata njia hiyohiyo. Uzuri wa sehemu tisa ni kwamba mashine haiwezi kujificha nyuma ya katikati yenye nuru kali huku pembe zimefifia.

Tofauti ya maneno haya haiko kwenye bidhaa zisizojulikana peke yake. Chukua mashine mbili zenye majina makubwa. Samsung ilipoileta Freestyle mwaka 2022 ilitajwa kuwa na lumeni 550 za LED. Nebula Capsule 3 ya Anker imetajwa kuwa na lumeni 200 za ANSI. Ukizisoma bila kuangalia neno la mwisho, ya kwanza inaishinda ya pili karibu mara tatu. Zikiwekwa kwenye mizani moja, Freestyle ina lumeni 230 za ANSI. Ni 230 kwa 200, tofauti ambayo jicho haliwezi kuitambua kirahisi sebuleni. Ukishafika hapo, uamuzi unahamia kwingine: Capsule 3 ina betri ndani yake, Freestyle haina, na kwa nyumba ambayo stima hupotea mvua ikianza kunyesha, hilo lina uzito kuliko lumeni thelathini.

Kipimo cha sehemu tisa mnunuzi anaweza kukifanya dukani. Simu nyingi za Android zina kihisi cha nuru karibu na kamera ya mbele, na kuna programu za bure zinazosoma luksi. Mwombe muuzaji aziwashe projekta zote mbili kwenye ukuta mmoja, upana wa picha ukiwa uleule, kila moja ikionyesha ukurasa mweupe. Soma kwanza luksi za chumba huku lenzi imezibwa, uzitoe kwenye kila kipimo. Kisha weka simu ukutani, uso wake ukiitazama projekta, sehemu tisa kwa kila mashine. Kihisi cha simu si cha maabara na jibu lake la lumeni halitakuwa sahihi sana, lakini kwa kuwa simu ni ileile, uwiano kati ya mashine mbili utakuwa wa haki. Ikiwa ile ya elfu tisa inasoma nusu ya ile ya mia nne, hakuna boksi litakalobadilisha hilo.

Mengine nitayapitia haraka. “Inakubali 4K” maana yake ni kwamba inaweza kupokea video ya 4K, si kwamba inaionyesha. Uliza idadi ya pikseli za kioo chenyewe, ambazo kwa mashine nyingi za bei ya chini ni 1280 kwa 720. Sauti nayo ijaribiwe ukikumbuka paa lako. Spika ya wati tano inatosha usiku mtulivu, lakini mvua yetu ya alasiri ikipiga mabati utahitaji spika ya nje.

Kuhusu betri, liko jambo moja la kuangalia kabla ya kutoa pesa. Projekta nyingi za kubebeka hupunguza nuru zenyewe zikichomolewa kwenye stima, ili betri idumu, na lumeni zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni za wakati imechomekwa. Kwa hiyo ukimaliza kupima zile sehemu tisa, mwambie muuzaji achomoe waya, subiri kidogo, upime tena pale katikati.