Pendulamu iliyopima mbio za risasi

Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu kuhusu kanuni za mizinga. Ndani yake alijibu swali lililowasumbua wanajeshi wa Ulaya tangu baruti ilipowafikia: risasi ikitoka mtutuni, inakwenda kwa kasi gani?

Kabla yake, risasi ilipimwa kwa macho. Unapiga, unakwenda kutazama tundu. Vilikuwapo vijombo vya kujaribia baruti, lakini viliweza kusema tu kwamba hii ni kali kuliko ile. Wasomi wengi nao walishikilia kanuni ya Galileo kwamba kombora hupinda angani kwa tao safi, na hewa hawakuitia hesabuni.

Robins alining'iniza pendulamu ya chuma yenye ubao usoni, uzito wake kilo 25 hivi, akaipiga kwa bunduki ya aina tunayoiita gobori. Risasi ilizama katika ubao, pendulamu ikasukumwa nyuma huku ikivuta utepe, na urefu wa utepe ukaonyesha imesukumwa kiasi gani. Kwa kuwa uzito wa pendulamu na wa risasi ulijulikana, iliyobaki ilikuwa hesabu. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu linazidi hata kuibuni pendulamu yenyewe: akaisogeza. Futi 25 kutoka mtutuni, kasi ilikuwa futi 1,670 kwa sekunde. Futi 75, ilikuwa 1,550. Futi 125, ilikuwa 1,425. Hewa iliyodharauliwa ilikuwa ikiizuia risasi kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 100. Mwanahisabati Leonhard Euler alikitafsiri kitabu hicho kwa Kijerumani mwaka 1745, akakirundikia maelezo marefu kuliko kitabu chenyewe.

Katika miaka ya 1860 umeme uliingia kazini. Le Boulengé, ofisa wa mizinga wa Ubelgiji, alibuni chombo chenye sumaku mbili za umeme. Risasi ikikata waya wa kwanza, fimbo ndefu inaachiwa ianguke; ikikata wa pili, fimbo nyingine inaanguka na kufyatua kisu kinachoitia alama ile ya kwanza. Mahali pa alama ndipo panapoonyesha muda. Majeshi na viwanda vya risasi vilikitumia chombo hicho hadi karne ya 20.

Mlengaji wa kawaida hakuwa na bahati hiyo. Wamarekani waliozoea kujitengenezea risasi nyumbani, wakitia fataki mpya, baruti na kichwa kipya katika ganda lililokwisha kutumika, waliendelea kutegemea karatasi ya shabaha. Na karatasi ya karibu hudanganya. Risasi mbili zikipishana kasi kwa mita 10 kwa sekunde, kwa yadi 100 tofauti ni milimita chache, haionekani. Kwa yadi 1,000 moja inaweza kupita robo mita au zaidi chini ya mwenzake. Vifaa vya kupimia kasi vya bei nafuu vilianza kuwafikia katika miaka ya 1960, Ken Oehler wa Texas akiwa miongoni mwa waliovieneza. Baadaye vikaja vya kuhisi kivuli cha risasi inapopita juu yake, na siku hizi kuna rada ndogo inayowekwa kando ya bunduki.

Hata hivyo, kasi peke yake haitoshi. Franklin Mann, daktari wa Milford, Massachusetts, alifunga mitutu kwenye nguzo nzito ya saruji ili mkono wa binadamu usiingie katika jaribio, kisha akaziharibu risasi kwa makusudi. Katika kitabu chake cha 1909 alieleza kwamba iliyoharibiwa ncha iliweza kwenda karibu na wenzake, ila iliyotiwa kasoro kidogo tu kwenye kitako ilipotea mbali. Watengenezaji makini bado hukagua vitako kwanza, rada ikiwa imewashwa pembeni.